Vikatio Vitatu na Hereni za Vania

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Leo nimesema neno kubwa mbele za watu. Sijutii. Nilza, mke wangu, anajuta kwa niaba yangu.

Kilikuwa kikao cha harusi ya mdogo wangu Vania, hapa sebuleni kwetu Magomeni, Mtwara. Upande wa bwana harusi walikuja wengi. Yohana mwenyewe ni kijana mzuri, karani bandarini, hana maneno. Tatizo ni shangazi yake, Mwalimu Gladness. Mama huyu ana jibu la kila kitu. Chakula, ana jibu. Viti, ana jibu. Tulipofika kwenye mapambo ya bibi harusi akatoa kiboksi cha hereni alizotengeneza mwenyewe. Za udongo wa plastiki. Si udongo wa mfinyanzi. Ni ule wa rangi rangi, unakandwa kama unga wa maandazi, unakatwa maumbo kwa vikatio, unaokwa kwenye oveni, unakuwa mgumu. Kiboksi kikapita mkono kwa mkono. Wanawake wakaguna kwa raha. Mwalimu akasema atafurahi kumtengenezea Vania seti nzima.

Nikasimama. Nikasema kwetu binti haondoki nyumbani na pambo la wakwe. Anaondoka na kitu kilichotoka kwenye mikono ya watu wake.

Na ni kweli. Marehemu baba alikuwa mchonga vinyago. Kila binti wa ukoo aliyeolewa, baba alimchongea chanuo la mpingo. Shangazi Felismina kule Mahurunga bado analo lake, analichomeka kichwani siku za sikukuu. Vania alikuwa mdogo sana baba alipofariki. Yeye hana chanuo.

Mimi sikurithi mkono wa baba. Nilishika patasi mara moja nikajikata kidole, baba akaichukua kwa upole na hatukulizungumza tena. Natengeneza simu. Lakini leo Vania alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu nilipomnunulia viatu vya kipaimara, na mdomo ukaendelea wenyewe. Nikasema hereni zitatoka kwangu mimi, kaka yake. Za udongo huo huo. Mwalimu Gladness akauliza, kwa adabu zote, kama nimewahi kuushika. Nikajibu kwamba ni fani yangu ya siri.

Sijawahi kuushika. Lakini namshukuru Mungu kwa mdomo wangu. Wengine wamepewa mikono, mimi nimepewa huo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimempigia binamu yangu Dercio, yuko Kariakoo. Aniwekee udongo kwenye basi. Nyeupe ya pembe, kahawia, na nyekundu kidogo. Amecheka kwa muda mrefu. Ameahidi.

Mchana nimeenda kupeleleza. Kisingizio: kioo cha simu ya Mwalimu Gladness kina ufa tangu Pasaka. Amenipokea kwa juisi ya ukwaju. Na lile kabati! Vikatio vimejaa humo kama vijiko vya shughuli. Maua, majani, vipepeo, herufi, twiga. Nani anaweka twiga sikioni? Nikasema kwamba bila shaka mtu akinyimwa kabati hilo hana kazi tena. Akasema hapana, mwenye akili anahitaji maumbo mawili matatu tu, mengine yote ni tamaa yake yeye. Akasema kwa kucheka. Nimekwazika. Alitaka kusema nimekuja mikono mitupu.

Jioni nimepata vikatio vyangu. Nilza anavyo vya kukatia biskuti, vinakaa kwenye ndoo ya unga. Duara, moyo, na tone. Nimeviazima. Sikumwomba kwa sababu alikuwa anaosha vyombo na sipendi kumsumbua.

Juisi ya ukwaju ilikuwa nzuri sana, hilo lazima niliandike.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mzigo umefika. Dercio ametuma kijani cha ndizi mbichi, waridi, nyeupe tele, na kahawia kipande kidogo kama sabuni ya hotelini. Nyekundu hakuna. Amesema ndizo zilizokuwepo. Namshukuru. Angeweza kutuma bluu tupu.

Nimefunga kibanda mapema nikajifungia chumbani. Udongo mgumu! Nikauweka mfuko wa nyuma nikaukalia huku natengeneza simu ya mteja. Ukalainika vizuri. Nikausukuma kwa chupa ya soda. Ukaganda mezani. Nikakwangua, nikausukuma tena juu ya karatasi ya kuokea ya Nilza. Hiyo nayo nimeiazima.

Kwanza nikakata maduara. Maduara matupu, yakafanana na vifungo vya koti la babu. Nikaanza kufikiria kumwambia Vania kwamba vifungo ndiyo fasheni. Ndipo kikatio kikateleza. Kikakata duara juu ya duara lililokwisha kukatwa, nusu nusu. Nikainua. Upande mmoja mwezi mwandamo. Katikati jani, lenye ncha mbili, safi kabisa. Kikatio kimoja cha duara, na sasa nina mwezi na nina jani!

Nikapandwa na kichaa kizuri. Matone matano, ncha zikikutana katikati: ua. Tone moja limelazwa na nusu ya moyo nyuma yake: samaki. Duara la kijani limetobolewa moyo, moyo wa waridi ukaingizwa kwenye tundu: hata hujui pameungwa wapi. Na nikigusa udongo kwa ukingo wa duara tu, bila kukata, mstari chini ya mstari, napata magamba. Baba alikuwa anachonga mistari kama ile kwenye mashavu ya vinyago vyake na kwenye machanuo. Nikagonga mstari mwingine.

Kisha jambo kubwa. Nilikata moyo mweupe katikati kwa wembe. Kila nusu ina mgongo wa mviringo na ncha upande mmoja. Nikaipinda ncha kwa ndani kwa kidole. Nikaitazama. Korosho. Korosho kamili, kama imetoka gandani sasa hivi. Moyo mmoja unazaa korosho mbili, za sikio la kulia na la kushoto. Vania ataolewa akiwa amevaa Mtwara nzima masikioni, na imetoka ndani ya moyo. Nimelia kidogo. Kazi ya udongo ina vumbi.

Kisha nikataka umbo la yai. Nikachukua koleo nikaminya kile kikatio cha duara. Kimekuwa yai. Kimekataa kurudi kuwa duara.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilza ametafuta vikatio nyumba nzima. Anataka kuoka biskuti za kikao cha akina mama. Amemwaga ndoo yote ya unga. Akaniuliza kama nimeviona. Nikasema labda panya. Akauliza panya anafanya nini na kikatio cha bati. Nikasema panya wa siku hizi hawaeleweki.

Amekata biskuti kwa mdomo wa glasi. Akina mama wamezisifu sana, wamesema ni kubwa na za heshima, si kama zile za moyo moyo. Nimefurahi kuwa nimemsaidia mke wangu bila yeye kujua.

Shangazi Felismina amefika jioni kutoka Mahurunga. Chanuo lake kichwani, kuku kwapani, na bati lake kubwa la kukaangia korosho. Amesema korosho za wageni atakaanga mwenyewe, za mjini hazijui moto. Vania amembeba juu juu kwa furaha. Nyumba imejaa, namshukuru Mungu kwa nyumba iliyojaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya kuoka. Nilza amenikuta nimeshika sufuria yake ya keki. Ameninyang'anya. Amesema plastiki haiingii kwenye sufuria inayolisha watu. Nikamweleza kwamba oveni hatuna na nataka tu kuweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama anavyooka keki. Amesema nikaoke kwenye kofia yangu.

Nikaona bati la shangazi uani. Pana, zito, jeusi tii. Shangazi alikuwa amelala.

Najua watu watasema nini. Mimi ni mtoto wa huku. Najua ganda la korosho lina mafuta yanayochoma ngozi. Nina kovu kwenye kiganja tangu utotoni. Lakini nilitafakari kisomi. Bati hili limekaa motoni tangu sijazaliwa. Mafuta yote yameshaungua. Zaidi ya hapo nimelipangusa kwa gazeti.

Moshi ulitoka kidogo, macho yakawasha. Ishara kwamba moto umeshika. Nilipofunua, sikuamini. Hereni zinang'aa! Mwalimu Gladness za kwake hazing'ai mpaka azipake vanishi. Zangu zimetoka zinang'aa zenyewe, kama zimepakwa mafuta.

Vania ameomba kujaribu zile korosho mbili. Nikakataa. Nikasema bibi harusi havai kabla ya siku yenyewe. Akanikumbatia akasema, "Asante, kaka. Laiti baba angeziona." 

Nimempelekea Mwalimu Gladness jozi moja ya mwezi na tone la kijani linaloning'inia. Nimesema ni zawadi ya amani. Si kweli. Ni ili kesho kanisani watu wote waone nani ni nani. Amezipokea kwa mikono miwili na kusema hajawahi kupewa hereni na mtu, siku zote anatoa yeye. Nikasikia kitu kidogo kifuani. Kimepita.

Vidole vinawasha tangu jioni. Udongo huu una nguvu sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Ushindi. Mwalimu Gladness amezivaa. Amekaa mbele, kwenye kwaya yake ya akina mama, na kila alipogeuza kichwa hereni zikamulika. Mama mmoja nyuma yangu ameuliza zimenunuliwa wapi. Nimegeuka na kumwambia.

Wakati wa mahubiri akaanza kujikuna. Mara sikio hili, mara lile. Wakati wa matoleo amejikuna hadharani. Kwenye matangazo wanakwaya wenzake wakamtoa nje wamemshika mikono. Masikio yamevimba kama maandazi. Nilza amenitazama. Nikamnong'oneza kwamba wivu ni kitu kibaya, unapanda mpaka masikioni.

Jioni vidole vyangu vimetoka malengelenge. Nitamweleza Dercio abadilishe duka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Siku mbaya kuliko zote. Naandika kwa kidole kimoja kizima.

Wakwe wamekuja bila kupiga hodi ya simu. Yohana, baba yake, na mama mkubwa wake aliyewasili jana kutoka Songea. Mwalimu Gladness hakuja, amelala chali kwa sababu hawezi kulalia upande wowote. Mama mkubwa akaziweka zile hereni mezani zimefungwa kwenye kitambaa. Hakutaka kuzigusa. Akasema yeye ni mtu mzima na ameona mengi. Akasema familia inayotuma kitu cha kumdhuru shangazi wa bwana harusi kabla ya harusi, haijulikani itafanya nini baada ya harusi. Neno lenyewe hakulitamka lakini lilikaa pale sebuleni na sisi. Akasema harusi isimame kwanza mpaka ijulikane.

Yohana aliinamisha kichwa. Vania alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakulia. Alisimama tu na sinia lake, akanitazama mimi. Heri angelia.

Nilitaka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza mdomo haukutoa neno.

Shangazi Felismina akainuka kwenye mkeka. Akachukua hereni moja, akainusa. Akainusa tena. Akanishika mkono akatazama vidole vyangu. Kisha akauliza polepole, "Silvio, bati langu ulipikia nini?"

Nikaeleza. Nikaeleza yote, makaa, gazeti, na sababu zangu za kisomi.  Shangazi akamwambia mama mkubwa kwamba hapa hakuna mkono wa mtu mbaya, hapa pana mkono wa mtu mjinga, na huyo wa kwetu tunamjua tangu amezaliwa. Akasema mafuta ya bati lile hayaishi leo wala kesho, ndiyo maana yeye hulishika kwa majani. Baba yake Yohana akageuka upande kama anakohoa. Nadhani alikuwa anacheka. Mama mkubwa hakucheka. Akasema maneno ya upande mmoja hayatoshi, Gladness ndiye aliyeumia, yeye ndiye atakayesema harusi iendelee au isiendelee. Wakaondoka bila kunywa chai.

Vania amerudi jikoni na sinia lake. Hereni zake za korosho, shangazi amezitupa shimoni kwa koleo. Koleo lile lile. Ndipo Nilza akaona vikatio kwenye meza yangu, na kimoja ni yai.

Pamoja na yote hayo, Vania hakuzivaa Jumamosi. Hilo nalishukuru. Nilikataa kwa ajili ya madaha yangu, lakini nilikataa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeenda kuomba radhi. Shangazi Felismina mbele, kuku wake kwapani, mimi nyuma. Njiani ameniambia nikifika nifunge mdomo. Nimejitahidi.

Mwalimu Gladness alikuwa amekaa kwenye kiti, masikio yamepakwa dawa nyeupe, kitambaa kimefungwa juu bila kubana. Mama mkubwa pembeni yake, mikono kifuani. Shangazi akapiga goti. Nami nikapiga goti. Nikasema nimekosa. Nikasema hereni zile nilizileta kwa majigambo wala si kwa amani, na kama kuna wa kuadhibiwa niadhibiwe mimi, Vania hana kosa. Nilitaka kuendelea, shangazi akanifinya.

  Akilini nilishamwona Vania akirudisha gauni.

Mwalimu akasema amewaza usiku wote, na kila akiwaza anarudi mahali pamoja. Anamshukuru Mungu yalikuwa masikio yake. Yangekuwa ya yule binti, siku ile, mbele ya altare, angefanyaje? Akamgeukia mama mkubwa akasema harusi ipo Jumamosi kama ilivyopangwa na asisikie tena habari za mambo mengine, maana Mtwara hii hakuna nyumba ambayo haijaunguzwa na korosho. Mama mkubwa akafungua mikono. Akasema basi kuku huyo apikwe.

Nimelia. Sisingizii vumbi.

Ndipo akaniuliza bibi harusi atavaa nini sasa. Nikasema atavaa za kwake yeye Mwalimu, nimeshindwa, nakubali. Akanitazama sana. Akasema kwamba nilisema mbele ya watu binti anaondoka na kitu cha mikono ya watu wake, na yeye aliliheshimu neno lile hata kama alijua sijui chochote. Oveni iko pale. Kesho nije na udongo uliobaki.

Mtu kama huyu unamchukiaje? Nimejaribu njia nzima ya kurudi. Imeshindikana.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siku mbili kwa Mwalimu Gladness. Yeye anasahihisha madaftari, mimi nakata. Vikatio vya Nilza nimekuja navyo kwa sababu haviwezi tena kurudi jikoni. Mwalimu ameniambia kikatio kikishagusa udongo huu hakigusi tena chakula. Nilza ameambiwa. Tusiongelee.

Amenifundisha kutandika karatasi laini ya mkate, ile ya nailoni, juu ya udongo kabla ya kukandamiza kikatio. Ukingo unatoka mviringo, hauna makali. Jambo dogo namna hiyo! Nilikuwa nasugua kingo kwa msasa mpaka kucha zinaisha. Na anasema oveni isizidi alama aliyoiweka kwa kalamu nyekundu, udongo ukiungua moshi wake ni mbaya.

Nikamwonyesha moyo unavyozaa korosho. Nikakata, nikapasua, nikapinda. Akaacha kalamu. Akachukua ile nusu, akaipeleka dirishani, akaigeuza. Akasema kabati lake lote lile, miaka yote hiyo, na hajawahi kuliona hilo ndani ya moyo. Akaomba nimfundishe. Mimi! Nikamfundisha. Ya kwake ilitoka kama figo. Nikamwambia ni nzuri kwa kuanzia, na nikaona jinsi inavyokuwa raha kumwambia mtu hivyo.

Basi leo nikaharibu. Alitoka kwenda dukani, nami nikaona oveni inachelewa. Alama nyekundu nikaipita kidogo. Kidogo tu, ili kuokoa muda. Aliporudi nyumba ina harufu na madirisha nayafungua kwa kichwa kwa sababu mikono imeshika sinia. Jozi tatu zimeungua kabisa. Akanifokea kama mwanafunzi wa darasa la nne, na alikuwa na haki.

Lakini jozi moja ilikuwa pembeni, mbali na moto. Haikuungua. Ule weupe umegeuka rangi ya korosho iliyokaangwa, kahawia hafifu mgongoni, nyeupe tumboni. Hakuna udongo unaouzwa wenye rangi ile. Mwalimu akazichukua akazipeleka dirishani. Nikasema ndivyo nilivyokusudia. Akasema, "Silvio, usiharibu." 

Nilikuwa nimegonga mistari midogo mgongoni kabla ya kuoka, kwa ukingo wa kile kikatio kilichokuwa duara. Ile ya baba. Imebaki.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sina nguvu, miguu inauma kwa kucheza, lakini lazima niandike.

Asubuhi nimemvisha Vania mwenyewe. Nilza alitaka kufanya, Vania akasema kaka. Vidole vyangu vinabambuka ngozi, nikamchoma mara moja shingoni, akacheka. Shangazi Felismina akachomoa chanuo lake kichwani akaliweka karibu na sikio la Vania, akalinganisha ile mistari. Akatazama huku na huku. Akasema mkono ni mmoja. Kisha akatoka nje haraka, akasema anaangalia korosho zake.

Ukumbini mambo yalikwenda. Ukafika wakati wa kutambulisha ndugu, mama mkubwa wa Songea akainuka akamkaribia Vania. Akamshika kidevu. Akaangalia hereni upande mmoja, akaangalia upande wa pili. Kipaza sauti kilikuwa karibu. Akauliza, na ukumbi mzima ukasikia, hizi za wapi, nani kazitengeneza, maana hajaona kitu cha namna hii.

Nilikuwa na hotuba mfukoni. Kweli nilikuwa nayo. Lakini Mwalimu Gladness aliinuka kabla yangu. Kilemba amekishusha mpaka masikioni, na kila mtu pale ndani alijua chini yake kuna nini. Alikuwa na haki ya kusema chochote. Angesema oveni ni yake, na karatasi ya mkate ni yake, na masikio ni yake. Akasema, "Kaka wa bibi harusi. Kwa mkono wake."

Akaketi.

Watu wakapiga vigelegele. Vania akaja kunishika mkono mbele ya wote. Hotuba sikuisoma. Nilikaa nikatazama chini. Nilikuwa na furaha ambayo sikuitafuta wala kuipanga, nimepewa tu. Nimepewa na mtu niliyemtoa malengelenge.

Namshukuru. Sijui nimshukuruje. Nitatafuta njia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Njia imepatikana.

Jana nimewaza kutwa. Mwalimu Gladness amenifunika aibu mbele ya kabila zima la wakwe. Mtu wa hivyo humpi kuku. Nilipokuwa kwake niligundua oveni yake ni ndogo, sinia moja tu linaingia. Yeye anahitaji oveni kubwa, ya matofali, ya kudumu. Nitamjengea. Sijawahi kujenga, lakini nimetazama video mbili, na tofali ni kitu kinachoeleweka kwa macho.

Sikumwambia. Shukrani ya kutangaza si shukrani. Ameondoka asubuhi kwenda shule, na mimi nina ufunguo wa geti kwa sababu ya kurudisha viti vya harusi. Nimeshusha matofali. Nimepima kwa hatua. Uani hapatoshi, labda nisogeze ukuta wa jiko kidogo. Niliusogeza kwa nyundo. Haukusogea, ulianguka, lakini kwa upande mzuri.

Kulikuwa na bomba ndani yake. Video haikulitaja. Maji yanatoka kwa kasi kubwa, yameshafika sebuleni. Nashukuru leo hakuna mgao.

Nasikia geti. Amewahi kurudi. Nimesimama katikati ya jiko, nyundo kwapani, nimelowa mpaka kiunoni, na sijawahi kuwa na hamu hivi ya kuona uso wa mtu akifurahi.